Matroni na Tumbaku Mbichi

Asubuhi Matroni alisimama getini akawapa wanafunzi mkono, mmoja mmoja, kama mchungaji anavyofanya mlangoni mwa kanisa ibada ikiisha. Mtoto alisema shikamoo, yeye akaitikia marahaba, na kiganja cha mtoto kikabaki katikati ya viganja vyake viwili kwa muda mrefu kidogo kuliko kawaida. Wageni walidhani ni upole tu. Wanafunzi walijua kwamba Matroni ana pua. Aliyevuta njiani aliweza kutafuna majani ya mpera, aliweza kusukutua kwa maji ya mtoni, lakini vidole vilimsaliti. Pale getini Matroni hakusema neno. Alimwachia mtoto aende paredi. Mchana, wenzake wakiwa uwanjani, alimwita wakakaa nyuma ya jiko la shule wakachambua maharage, na mazungumzo yakaanzia hapo.

Sekondari yetu ni ya kata, upande wa Titye, wilaya ya Kasulu, na ina hosteli ndogo ya wasichana wanaotoka mbali. Yeye alikuwa mwalimu wa Kiswahili aliyepewa kuangalia hosteli hiyo, ndiyo maana shule nzima, na baadaye kata nzima, ikamwita Matroni. Cheo chake kiliishia kwenye mlango wa hosteli. Wavulana waliovuta sigara nyuma ya vyoo hawakuwa kazi yake, wala maduka, wala mashamba ya watu. Hakuna aliyemtuma. Mimi nilikuwa nesi kwenye zahanati iliyo ng'ambo ya barabara, na nilimjua kwa miaka mingi, lakini hata leo siwezi kueleza ni lini hasa kazi ile ilianza kuwa yake. Ninachokumbuka ni namna alivyoifanya.

Alikuwa mwanamke mrefu, mwembamba, mwenye sauti ya chini inayokulazimisha unyamaze ndipo uisikie. Masika alivaa mabuti ya mpira na kitenge, kiangazi alivaa raba na kitenge hicho hicho. Alikuwa Mkristo asiyekosa ibada, lakini hakuimba kwaya kwa kuwa, alivyosema mwenyewe, Mungu alimpa masikio mazuri na koo baya. Jumapili jioni ungemkuta ukingoni mwa uwanja akitazama mpira pamoja na vijana wa msikitini, akibishana nao kuhusu kuotea. Alicheka utani wake mwenyewe kabla hajaumaliza, kiasi kwamba nusu ya vichekesho vyake hatukuwahi kuvisikia mwisho. Na alimwita kila mtu "mwenzangu": mkuu wa shule, mtendaji wa kata, mtoto wa kidato cha kwanza aliyeloa machozi. Mimi aliniita mdogo wangu, nami nikafurahia upendeleo huo.

Sitaki msomaji adhani alikuwa mtu wa upole mtupu. Hasira zake zilikuwa za ghafla. Mwalimu wetu wa Hisabati alikuwa mvutaji, na siku moja alitoka darasani akawasha sigara barazani, mbele ya madirisha ya kidato cha pili. Matroni alimwendea, akamwambia mbele ya walimu wote kwamba anafundisha masomo mawili kwa wakati mmoja, na kwamba hilo la pili watoto wanalielewa haraka zaidi. Mwalimu yule alikasirika, hakumsalimu kwa majuma. Matroni alijua amemvunjia heshima mtu mzima, lakini neno samahani lilimkwama. Alichofanya ni kumpelekea mkewe mkungu wa ndizi, akauweka mlangoni, akageuka. Mwalimu akala ndizi. Kuanzia hapo alikuwa akitoka nje ya eneo la shule kuvuta, nyuma ya mikaratusi, akirudi amenawa mikono. Hawakuwahi kulizungumza.

Fimbo hakuipigia kelele, ila hakuishika. Mwalimu wa nidhamu alichapa kila aliyekamatwa na kipisi, na waliochapwa walirudi nyuma ya vyoo siku hiyo hiyo wakavuta kwa hasira. Ikafika mahali mkuu wa shule akataka kuwafukuza wavulana watatu ili wengine waogope. Matroni aliomba kuzungumza naye faraghani. Mkuu wa shule ndiye aliyenisimulia baadaye. Hakumtetea mvulana hata mmoja, alisema. Alimuuliza tu wale vijana, wakifukuzwa, siku zao watazimalizia wapi. Mkuu akafikiri. Wangezimalizia kwenye kijiwe cha bodaboda, au kwenye vibanda vya kukaushia tumbaku, na huko kuvuta ndiyo salamu. Adhabu ikageuzwa. Wale watatu walipewa kazi ya kujenga jiko jipya la shule pamoja na fundi wa kijijini, na kila siku Matroni alikuwa anapitia pale kuwabebea matofali, wakipenda wasipende.

Mimi niliingia katika mambo haya kwa sababu ya Eliasi.

Eliasi alikuwa wa kidato cha pili, mtoto mtulivu wa mkulima wa tumbaku. Asubuhi moja ya masika Matroni alimleta zahanati akiwa amemshika kiunoni. Kijana alikuwa anatapika, kichwa kinamzunguka, jasho baridi, mapigo ya moyo hayaeleweki. Nilidhani ni malaria, kama tunavyodhani sote huku. Kipimo kikasema hapana. Matroni akadhani kanywa kitu, akamnusa mdomo, hakukuta pombe wala moshi. Nikamuuliza Eliasi amefanya nini tangu aamke. Akasema amechuma majani na baba yake toka alfajiri, umande ukiwa mwingi, kisha akaja shule bila kubadili shati. Shati lilikuwa bado limelowa, na mikono yake ilikuwa na utomvu mweusi usiotoka kwa maji.

Ndipo nikakumbuka tulichofundishwa chuoni na ambacho sikuwahi kukitumia: jani bichi la tumbaku likilowa, sumu yake hupenya kwenye ngozi. Mtu anaweza kulewa tumbaku bila kuvuta hata pafu moja. Nilimvua shati, nikamwosha kwa sabuni, nikamwekea dripu, akalala. Matroni alikaa kwenye benchi na lile shati mapajani. Halafu akasema:

"Mdogo wangu, tunamkataza kuvuta shuleni, kumbe shamba linamvutisha kabla hajafika."

Kesho yake alikuja kuniomba nizungumze na wanafunzi. Nilikwenda na picha kubwa za mapafu, moja jekundu, moja jeusi, nikahutubia kwa sauti ya kutisha. Watoto walicheka. Mmoja aliuliza kama yale mapafu meusi yanauzwa mishikaki. Nilirudi zahanati nimefedheheka. Matroni hakunifariji, alikuja tu na chai kwenye chupa, akasema safari nyingine niache picha nyumbani, na niende kujibu badala ya kusema.

Safari ya pili nilikaa kwenye dawati kama wao. Swali ambalo halijanitoka mpaka leo liliulizwa na msichana wa kidato cha tatu. Alisimama, akasema tumbaku ya baba yake inapakiwa kwenye malori, watu wanashangilia, michango ya shule inalipwa, bati jipya linaezekwa. Kisha mwanafunzi akikutwa na kipisi anachapwa. Sasa alitaka kujua, tumbaku ni baraka au ni sumu, maana nyumbani anaambiwa hivi na shuleni anaambiwa vile. Nilimtazama Matroni. Akamwambia yule binti kwamba swali lake halikupaswa kujibiwa na nesi wala mwalimu, na kwamba yeye mwenyewe atalipeleka kwa wanaohusika.

Watoto walidhani ni maneno ya kumalizia kikao. Mimi pia.

Alianza na maduka, kwa sababu yalikuwa karibu. Duka kubwa pale njia panda lilikuwa la Mzee Haruna, ambaye babu yake alitokea Pangani akafuata biashara mpaka Ujiji, na watoto wakapanda juu huku milimani. Mzee Haruna alikuwa mtu wa swala tano, mwenye ukarimu, na mlangoni pake palikuwa na kopo la sigara zinazouzwa moja moja, na kiberiti kimefungwa kwa kamba. Mwanafunzi alinunua kalamu na fegi kwa mkono ule ule. Sheria inakataza kumuuzia mtoto, na Matroni aliijua sheria, ila hakuitaja. Alikuwa anakwenda pale baada ya vipindi, ananunua sabuni au chumvi, anakaa kwenye benchi la nje. Wakazungumza habari za mvua, za wajukuu, za bei ya maharage Kibondo. Mwisho Mzee Haruna mwenyewe ndiye aliyechoka.

"Mwalimu, najua unakaa hapa kwa ajili ya lile kopo," alimwambia. "Lakini nikiacha mimi, ng'ambo ya barabara watauza. Nitakuwa nimepoteza mteja, na mtoto atakuwa amevuta vile vile."

"Basi nitakwenda ng'ambo ya barabara," Matroni akajibu, na akaenda siku hiyo hiyo.

Ng'ambo alimkuta Mama Daforoza, ambaye wazazi wake walikuja kutoka Burundi wakiwa wakimbizi na yeye sasa ni raia mwenye genge lake la dagaa, mafuta ya mawese na ugoro. Mama Daforoza akasema ataacha iwapo Mzee Haruna ataacha. Wa tatu akasema ataacha iwapo wale wawili wataacha. Kila mmoja alikuwa tayari, kwa sharti la mwenzake. Matroni alizunguka kati yao mpaka akagundua kwamba hakuna aliyewahi kuwakalisha pamoja. Akawaalika wote shuleni Jumamosi moja, akawakalisha kwenye madawati ya kidato cha nne, wanafunzi wakawapikia chai na mihogo. Alimwalika pia mchungaji, na imamu, na mwenyekiti wa bodaboda, kwa sababu madereva ndio waliokuwa wakinunua kwa jumla na kuwauzia wavulana njiani.

Mimi nilikuwepo. Hapakuwa na hotuba. Matroni alimwomba yule binti wa kidato cha tatu arudie swali lake, akarudia. Imamu ndiye aliyeanza, akasema msikitini wanakataza ulevi kila Ijumaa lakini hili wamelifumbia macho kwa kuwa wazee wanalipenda. Mchungaji akakiri kwamba hata baraza lake la wazee ni hivyo hivyo. Mwenyekiti wa bodaboda, kijana mwenye maneno mengi, alianza kubisha, kisha akamwona mdogo wake wa kike akigawa chai, maana alikuwa anasoma pale na kulala hosteli, akaona aibu akaketi. Walikubaliana kwamba kopo litaondoka mlangoni, sigara itauzwa kwa pakiti tu na kwa mtu mzima, na anayevunja ataulizwa na wenzake, si na polisi.

Makubaliano yalishika? Yalishika kwa sehemu. Yupo aliyeuza kwa mlango wa nyuma, na Mama Daforoza mwenyewe ndiye aliyemwendea akamsema mpaka akakoma. Wapo wavulana waliokwenda kununua Kasulu mjini. Lakini ilikuwa safari, na nauli, na uvivu wa mtoto ukatusaidia. Getini Matroni alianza kukuta mikono inayonuka sabuni na mandazi.

Lililobaki lilikuwa gumu kuliko maduka. Chama cha msingi cha wakulima kilikuwa na mkutano wake kabla ya msimu mwingine wa kuchuma, na Matroni aliomba nafasi ya kusema. Walimpa kwa heshima, wakidhani atazungumzia michango. Alisimama na mabuti yake, akawaomba mambo mawili: mwanafunzi asichume majani yakiwa na umande au mvua, na mwanafunzi asilale kwenye bani kuchunga moto. Bani, kwa asiyejua, ni kibanda cha udongo cha kukaushia tumbaku, na moto wake unalindwa usiku na mchana. Huko watoto walilala na vibarua wakubwa, na huko ndiko wengi walikovuta mara ya kwanza ili wasisinzie.

Baba Eliasi ndiye aliyesimama kumjibu. Alikuwa mtu mfupi, mchapakazi, mwenye mikono kama magome ya mti. Alisema kwa Kiswahili chenye Kiha ndani yake, polepole, bila matusi:

"Matroni, shati la Eliasi ni tumbaku. Daftari ni tumbaku. Hata mchango wa kujenga hilo jiko lenu ni tumbaku. Mimi nimechuma na umande tangu nikiwa mdogo kuliko yeye. Mtoto anayetapika kazini ni mvivu."

Matroni alimwambia hakuja kumwambia mtu aache zao lake. Baba Eliasi alikuwa ameshatoka. Wengine wakamfuata, na mkutano ukaisha hivyo. Nilitembea na Matroni kurudi. Nilimwona mara moja akijifuta uso kwa ncha ya kitenge, lakini kulikuwa na manyunyu, kwa hiyo siwezi kuapa.

Msimu ulipoanza Eliasi hakuonekana shuleni. Tukasikia amehamia kwenye bani la baba yake, analala huko, anavuta waziwazi, na vibarua wanamwita profesa. Mwalimu wa nidhamu alitaka tumwite mgambo. Matroni akasema tusubiri Jumamosi.

Jumamosi alikwenda kwa miguu, peke yake, akiwa na nguo za shamba. Haya niliyasikia baadaye kutoka kwa mama Eliasi. Hakuuliza habari za mtoto. Aliwasalimia, akawauliza kama wana kazi, na msimu wa kuchuma hakuna nyumba isiyo na kazi. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha. Baba Eliasi, kwa hasira au kwa kumjaribu, alimwonyesha shamba. Matroni akaingia mistarini pamoja nao, akachuma, akakumbatia mafungu ya majani kifuani kama wanavyofanya wote, kitenge kikalowa mpaka kiunoni. Kisha akakaa na wanawake kufunga majani kwenye fito. Eliasi alikuwa pale pale, anamtazama, anaona aibu kuwasha.

Jua lilipopanda, Matroni akanyamaza katikati ya maneno. Akainuka, akaanguka.

Baba Eliasi mwenyewe ndiye aliyemleta kwangu, kwa pikipiki aliyoisimamisha barabarani, akimshikilia kwa nyuma. Matroni alikuwa wa kijivu usoni, anatapika mpaka machozi yanamtoka, miguu haimbebi. Nilimvua, nikamwosha, nikamwekea dripu kama nilivyomwekea Eliasi, kwenye kitanda kile kile, kwa kuwa tulikuwa nacho kimoja. Niliogopa kwa kweli, maana hakuwa kijana tena, na moyo wake ulidunda vibaya. Baba Eliasi alisimama mlangoni na kofia mkononi. Hakukaa nilipomwambia akae. Alitazama kila nilichokifanya. Nilipomaliza akaniuliza kama Matroni ana malaria. Nikasema hana. Akauliza kama amekunywa kitu. Nikamwambia amechuma tumbaku mbichi, basi.

Alitazama mikono yake kwa muda mrefu.

"Kumbe si uvivu," alisema.

Alikaa nje ya zahanati mpaka Matroni alipoweza kuketi, akampeleka mpaka hosteli, na Jumatatu Eliasi alirudi shule akiwa na shati kavu. Hakupewa adhabu. Matroni, bado mnyonge, alimpa mkono getini kama wengine, akakuta vidole vinanuka, akamwachia aende paredi.

Niliwahi kumuuliza kama alifanya makusudi. Alikuwa amesikia kwangu mwenyewe kwamba umande ule ni sumu. Alijua mvua imenyesha. Aliniambia alikwenda kusaidia watu kazi, hakwenda kuumwa, kisha akacheka kabla ya kumaliza sentensi, na kama kawaida sikujua mwisho wake ulikuwa nini. Mpaka leo nawaza mara nyingine kwamba alijua, na mara nyingine kwamba alidhani mwili wake ni mgumu kuliko ulivyo. Yote mawili yanafanana naye.

Mkutano uliofuata wa chama, Baba Eliasi alisimama tena. Safari hii alisema mambo yale yale mawili ambayo Matroni aliyasema, kwa maneno machache zaidi, na yakapita kwa sababu yalitoka kwake. Wanafunzi wasiguse shamba mpaka majani yakauke umande. Kulala kwenye bani kukawa zamu za watu wazima. Wengine walitii, wengine walitii mtendaji akipita. Sisemi kila kitu kilinyooka. Eliasi mwenyewe aliendelea kuvuta kwa siri, akaacha, akarudia, akaacha tena. Matroni hakuhesabu makosa yake. Kila alipoanguka walikwenda nyuma ya jiko na sinia la maharage. Alimaliza kidato cha nne na matokeo ya kawaida tu. Leo ni seremala Kasulu mjini, ana watoto wawili, na mlango wa zahanati yangu mpya ni kazi ya mikono yake. Sijamwona na sigara.

Na yule binti wa kidato cha tatu hakupata jibu la swali lake. Malori bado yanakuja, watu bado wanashangilia, na mimi nakubali kwamba mabati mengi ya kata yetu yanatokana na jani lile. Nadhani Matroni alilijua hilo kuliko sisi sote, ndiyo maana hakuwahi kumwita mkulima mbaya.

Alipohamishiwa Kibondo tulimpa mbuzi. Kumbe alikuwa anaogopa mbuzi, hakuna aliyejua. Alipanda gari akiwa amempakata mbuzi mwenyewe, uso umekakamaa, huku sisi tunaimba. Tukasikia anafundisha, kisha tukasikia amestaafu na amerudi kwao, mahali fulani karibu na Mabamba, kule mpakani.

Mwaka juzi nilipelekwa Mabamba kwenye kampeni ya chanjo. Siku ya soko tulipata nafasi, nikaingia kununua vitenge. Soko lilikuwa limejaa watu kutoka pande zote mbili za mpaka, Kiha na Kirundi vimechanganyika mpaka huwezi kuvitenga. Nikamwona kwa nyuma nikamjua kwa urefu. Alikuwa ameinama mbele ya mzee mmoja mwenye mkeka, anachagua kitu, anakinusa, anakirudisha, anachukua kingine. Nilisogea nimpige bega. Kilichokuwa mkononi mwake kilikuwa msokoto wa tumbaku, ile nyeusi ya kienyeji inayosokotwa kama kamba.

Aligeuka akaniona. Hakuficha mkono. Alinikumbatia kwanza, akaniuliza habari za Titye, za Mzee Haruna, za goti langu lililokuwa likiniuma. Mimi nilijibu huku macho yangu yako kwenye ule msokoto. Akaulipia, akaufunga kwenye ncha ya kitenge, akasema twende nyumbani nikamsalimie mama yake.

Miaka yote ile sikujua kama mama yake yu hai. Tulipanda kilima kidogo kati ya migomba. Bibi alikuwa amekaa nje ya mlango kwenye jamvi, mdogo kama mtoto, macho yana ukungu. Nikapiga goti, nikamwamkia kwa Kiha changu kibovu, Mwakeye, ambayo ni salamu ya asubuhi, na ilikuwa alasiri, akacheka sana. Matroni akamwambia mimi ni nesi. Kusikia hivyo bibi akaingiza mkono chini ya khanga, harakaharaka, na nikaona ncha ya kiko inapotelea humo.

Matroni alicheka, akakaa chini, akautoa ule msokoto, akaukatakata kwa kisu kwenye kiganja chake. Aliufanya kwa ustadi wa mtu aliyezoea. Bibi akakitoa kiko. Binti yake akakishindilia, akaleta kaa kutoka jikoni, akampa, na yeye akahamia upande ambao upepo hautamletea moshi.

"Huyu alinisomesha kwa tumbaku," aliniambia. "Shamba lilikuwa pale kwenye migomba. Nimemwomba aache tangu nikiwa kidato cha kwanza. Nikalia, nikafunga, nikaficha kiko, akatengeneza kingine. Nilipoanza na watoto wa watu, mdogo wangu, nilikuwa nimeshashindwa nyumbani."

Nikauliza kama bado anamwomba. Akasema hapana. Sasa anamnunulia mwenyewe, ili asinunue ile mbaya iliyochanganywa. Alisema hivyo bila kujitetea, akanimiminia togwa.

Tulikaa. Bibi alivuta macho yamefumba, akikohoa kidogo, akinung'unika wimbo. Jua lilikuwa limeanza kuegemea upande wa Burundi. Kisha kutoka chini ya kilima zikasikika sauti za wanafunzi wanaorudi, wajukuu wa ukoo ule na wenzao, wanapiga kelele za njiani. Bado walikuwa mbali, hata sare zao hazikuonekana.

Bibi alifumbua macho. Hakuna aliyemwambia kitu. Alikigeuza kiko, akakigonga kwenye jiwe, akafukia kaa kwa majivu kwa kidole chake kikavu, akapepea hewa mbele ya uso wake mara kadhaa kwa ncha ya khanga. Kiko kikarudi mahali pake pa siri. Watoto walipofika uani alikuwa amekaa wima, mikono mapajani, anawangoja wamwamkie.

Matroni alikuwa ameshainuka kwenda jikoni kuwapakulia ugali.